"Amesemaje?"

FUNDI WA SAUTI ANAJIBU

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Morogoro. Watoto wameshaoa na kuolewa, chumba chao kimebaki kitupu, nami nataka kukigeuza kiwe cha sinema, nikae na mzee wangu na wajukuu wakija likizo. Urefu ni mita 4, upana mita 3.6. Chini kuna tailizi, juu jipsamu, na dirisha moja kubwa la aluminiamu linatazama magharibi. Kijana wangu anataka tununue televisheni ya inchi 75 na spika nane. Shida yangu ni mzee. Masikio yamepungua kidogo, na kila dakika ananiuliza, "Amesemaje?" Akiongeza sauti mimi kichwa kinaniuma, na yeye bado hasikii. Nianzie wapi?
Mama Mwalimu, Morogoro

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho limegota kwenye hilo "Amesemaje?" Mengine yote tutayapanga kulizunguka.

Kabla hujatoa hata senti, ingia kwenye chumba hicho kikiwa kitupu, funga mlango, simama katikati na upige kofi moja la nguvu. Najua utakachosikia: kofi lenyewe, kisha mlio mwembamba unaolifuata, kama bati linalotikiswa. Hiyo ni tailizi, kioo, plasta na jipsamu zikirushiana sauti yako. Sasa wewe umefundisha Kiswahili au angalau umefundisha kwa Kiswahili: "pata" na "kata" zinatenganishwa na mlio mdogo sana wa mwanzo. Mlio huo ukifika sikioni kwa mzee huku mwangwi wa neno lililotangulia bado unazunguka chumbani, unamezwa. Akiongeza sauti anaongeza vyote viwili, neno na mwangwi wake. Ndiyo maana wewe unaumwa kichwa na yeye hapati kitu.

Jambo hili sikulipata darasani. Miaka ya mwisho ya tisini nilikuwa nakata tiketi kwenye kibanda umiza kule Tandika: kuta za matofali, paa la bati, mabenchi, televisheni ya inchi 21 na spika mbili kwenye maboksi ya mbao. Asubuhi, wakiwemo watoto watano watoro (nisamehe Mwalimu), sauti ilikuwa inagonga huku na kule, husikii mtu anasema nini. Jioni mabenchi yakijaa, bila mtu kugusa kitufe, kila neno linasikika. Mwenye kibanda alikuwa anaamini umeme wa jioni ni mzuri zaidi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ni watu wenyewe, na mashati na makanga yao, waliokuwa wanainywa ile sauti. Mvua ikinyesha, bila shaka, tulirudisha hela.

Kwa hiyo chumba chako kijazwe vitu vinavyokunywa sauti. Zulia nene sakafuni, hasa kati ya kochi na televisheni. Mapazia mazito, kitambaa kiwe mara mbili ya upana wa dirisha ili kikae kwa mikunjo. Leso nyepesi haizuii kitu. Mapazia hayo yatakukinga pia na lile jua la saa kumi, linaloingia kutoka magharibi na kukifanya kioo cha televisheni kiwe cheupe. Ukuta wa nyuma ya vichwa vyenu ndio muhimu kuliko yote, na hapo nakushauri usinunue kitu: hamishia kabati lako la vitabu. Mwalimu mstaafu hakosi vitabu. Vya ukubwa tofauti, vimepangwa ovyoovyo, vinaivunja sauti vipandevipande isirudi kwa pamoja.

Kuta za pembeni, mtafute seremala atengeneze fremu nne za mbao, kila moja urefu wa mita 1.2, upana sentimita 60, unene sentimita 10. Zijaze sufi, ile ya magodoro ya zamani, ishindiliwe kiasi isiporomoke, kisha zifunikwe kwa kitenge unachokipenda. Kitenge ni chepesi, sauti inapita hadi kwenye sufi na kuishia humo. Zitundikwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Sharti langu ni moja: sufi inashika moto haraka, kwa hiyo zikae mbali na soketi na swichi, na mtu asiwashe udi humo ndani. Kisha piga tena lile kofi.

Ukishamaliza hapo ndipo tuzungumze na kijana wako. Kochi lisiegemee ukuta wa nyuma. Besi hujikusanya ukutani na kulifunika neno. Acha nafasi ya sentimita 60 au zaidi, hata ikibidi kabati liwe jembamba. Hapo macho yenu yatakuwa mita mbili na nusu hivi kutoka kwenye kioo, na kwa umbali huo inchi 65 inatosha kabisa. Inchi 75 si dhambi, ila tofauti ya bei ningeihamishia kwenye spika ya katikati. Katika sinema zilizorekodiwa kwa spika tano na sabufa, sehemu kubwa ya mazungumzo hutoka kwenye hiyo moja. Ikae chini ya televisheni, katikati, imeinuliwa uso kidogo iwatazame. Anza na spika tatu za mbele. Za nyuma zitakuja baadaye, na kufika nane kwenye chumba cha mita 3.6 ni kutafuta mahali pa kupitisha waya tu. Ndani ya mashine inayoziendesha spika tafuta mpangilio wa usiku: unashusha milipuko na kupandisha minong'ono, na vita vya rimoti vitapungua.

Mzee mkalishe upande ambao sikio lake linalosikia vizuri zaidi linaelekea kwenye televisheni. Akapimwe pia hospitali, maana wakati mwingine ni nta tu.

Televisheni isitundikwe pale inapotundikwa picha ya marehemu babu. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyekaa, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Shingo zenu zitanishukuru.

Joto la Morogoro unalijua. Pangaboi inatosha kama haivumi. Ila kama siku moja mtabadili mawazo mkanunua projekta, pimeni kwanza. Mwaka 2014 nilimfungia mteja projekta darini, nikasawazisha picha, nikapokea na soda. Mama yake akawasha pangaboi. Picha ikaanza kukatwa vipande kama mkate, kwa sababu projekta niliiweka nyuma ya mapanga. Yule bibi alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikapanda ngazi upya.

SWALI: Kaka, naishi ghorofa ya tatu Mombasa. Nimenunua sabufa, lakini jirani wa chini anagonga dari yake kwa fagio. Nikipunguza, sinema haina raha. Nifanyeje?
Kijana wa Mombasa

JIBU: Mdogo wangu, jirani ana haki. Mlio mzito unapita kwenye zege kama maji kwenye mchanga, na zulia au pazia haliuzuii. Itoe sabufa kwenye pembe ya chumba, maana pembe ndiyo inayoikuza zaidi, kisha iweke juu ya kipande kinene cha mpira ili isitikise sakafu moja kwa moja. Kuipatia mahali pake, iweke kwanza juu ya kiti unachokalia, cheza wimbo wenye besi, halafu tambaa chumba kizima ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma, ndipo pa kuiweka. Utaona unaweza kuishusha na bado raha ipo. Kuanzia saa nne usiku izime, na ushuke chini ukamwombe radhi, mkono usiwe mtupu.

SWALI: Ni kweli trei za mayai ukutani zinazuia sauti isitoke nje?
Msomaji, Iringa

JIBU: Hapana. Ni karatasi nyembamba: mlio mzito hauzioni kabisa, na moto unazipenda. Nilishawahi kubandua trei mia mbili kwenye studio ya jamaa mmoja, na nyuma yake tulikuta mende wamehamia na familia zao.