Usiandike new Ankara().new Bidhaa(), weka static

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Bidhaa iko ndani ya klasi Ankara, kompaila ya Java inakukatalia kuiunda kutoka main, na kuna mtu kakwambia uandike new Ankara().new Bidhaa() mambo yaishe. Yataisha kweli, we subiri.

Weka static kwenye Bidhaa, isimame yenyewe bila kuhitaji obyekti ya Ankara. Basi.

Mimi nilikuwa na klasi inayosoma faili zima na kulishika kama byte[] (safu ya baiti), megabaiti 40 hivi kila moja. Ndani yake nikaweka Muhtasari: tarehe, idadi ya mistari, jumla. Vitu vitatu! Bila static. Mihtasari nikaitunza kwenye List, nikiamini mafaili yenyewe mzoa taka wa Java, anayefuta kwenye kumbukumbu visivyotumika tena, keshayazoa. Thubutu! Klasi ya ndani isiyo na static hubeba kimyakimya rejeo la obyekti iliyoizaa, na kwenye kodi yako hulioni. Kila kimuhtasari kilikuwa kimeng'ang'ania faili lake kama kupe. Faili la 12 tu, OutOfMemoryError, kumbukumbu imejaa. Nikapandisha -Xmx (kikomo cha kumbukumbu ya Java) kutoka 512m hadi 2g, nikajipongeza. Ikafika la 50, ikafa. Nikaweka 4g (usicheke, zamu yako inakuja). Siku ya nne ndio nikatoa picha ya kumbukumbu kwa jmap, zana ya Java, nikakutana na this$0 kila mahali, ndilo jina kompaila inalolipa lile rejeo la kimyakimya. Nani kaiandika? Si mimi.

Na static nilikuwa nayo mwanzoni! Mkubwa wangu kazini ndiye aliyeifuta wakati anakagua kodi, eti "static si OOP" (uprogramu wa kutumia obyekti). Static ya klasi ya ndani na static ya kigeu wapi na wapi? Programu ilipokufa, wa kwanza kuuliza "nani kaandika hii" alikuwa yeye.

Najua atakuja mtu aseme tangu Java 18 kompaila huliacha hilo rejeo lisipotumika. Sawa, ila toString yangu (metodi inayogeuza obyekti kuwa maandishi) ilikuwa inachungulia jina la faili kwenye klasi ya nje, kwa hiyo lingebaki palepale. Jina ungelipitisha kwenye konstrakta (ile inayoitwa ukiandika new), yakaisha. Kwenye lugha ya Kotlin hata huhangaiki, ya ndani haibebi kitu mpaka uandike inner kwa mkono wako.

Na lile swali lako la pili, konstrakta tupu (isiyo na parameta) imepotea kwa sababu umeandika yako yenye parameta. Ukiandika hata moja, ile ya bure hupewi. Ulikuwa na swali jingine la private, limenitoka. Weka static kwanza, kompaila ikilalamika kwamba Bidhaa inagusa kitu cha Ankara, bandika hapa huo mstari tuuone.