Kabla hujainyamazisha feni

Ukianza ufundi wa kompyuta hapa Mtwara, hutamaliza wiki kabla mteja hajakuwekea kompyuta mpakato mezani na kusema, "Fundi, feni inapiga kelele." Kama umeshaujua mfumo endeshi wa Linux kidogo, vidole vitakuwasha uingie kwenye draiva, yaani programu inayouunganisha mfumo na kifaa, uishushe kasi. Ngoja kwanza, mdogo wangu. Chukua bisibisi.

Msimu wa korosho ukifunguka, mwezi wa 10 hivi, tunaletewa mashine za makarani wa vyama vya msingi, zinazoshinda ghalani. Moja niliifungua nikakuta kati ya feni na mapezi ya shaba kuna utando wa vumbi na nyuzi za magunia, mzito kama kipande cha blanketi. Niliuvuta kwa kibanio ukatoka mzima. Hewa haikuwa na pa kupita, na feni ilikuwa inajitahidi kuiokoa prosesa. Ningeishusha kasi siku ile, ningeipika mashine ya watu. Unapopuliza vumbi, zuia panga za feni kwa kijiti, maana zikizungushwa ovyo na upepo wa pampu, beringi inakufa. Pesti ya prosesa, ile dawa inayopitisha joto, ikiwa imekauka, futa, paka mpya. Na kumbuka kuwa wakati wa kaskazi chumba chenyewe kina joto, kwa hiyo hata feni safi itakimbia.

Sasa tuje kwenye draiva. Kwenye mpakato nyingi, mfumo endeshi hauiendeshi feni moja kwa moja. Kwenye ubao mama kuna kidhibiti kidogo chenye programu yake, ndicho kinachosoma joto na kuamua kasi. Draiva inapeleka maombi na kurudisha majibu. Mtengenezaji akiwa amefunga mlango huo, hakuna amri itakayoufungua, usipoteze usiku mzima.

Kwenye Linux, anza kwa kusoma tu. Amri ya sensors inakuonyesha joto na mizunguko ya feni kwa dakika. Ukiingia folda ya /sys/class/hwmon, panapokaa vipimo vya vifaa, joto limeandikwa kwa sehemu za elfu: 67000 maana yake nyuzi 67. Pale penye faili la pwm1, kasi huandikwa kuanzia 0 hadi 255. Kuwa makini na kitu kimoja kinachowaponza wengi: namba za hwmon hazitulii. Leo ni hwmon2, ukiwasha kesho ni hwmon4, na skripti yako, yaani faili lako la amri, inaandika kwenye kifaa kingine kabisa. Soma faili la name ndani ya kila folda ndipo uandike.

Mpakato za ThinkPad zina draiva yake, thinkpad_acpi. Kuongoza feni kumezimwa humo makusudi, mpaka uipakie draiva hiyo kwa chaguo la fan_control=1. Baada ya hapo unaandika kwenye /proc/acpi/ibm/fan: level 0 hadi 7, au level auto ili kidhibiti kirudishiwe kazi yake. Level 0 ni feni kusimama kabisa.

Hiyo level 0 imeniuma. Nilikuwa nahamisha faili za mwanafunzi, utafiti wake wote umo, nikataka kuisikiliza diski ngumu kama inagonga. Nikaisimamisha feni ili pawe kimya. Adhana ya adhuhuri ikaita, nikaenda kuswali. Niliporudi mashine ilikuwa imezimika yenyewe kwa joto, tumbo lake halishikiki, na uhamishaji umekatika katikati. Faili tulizipata, lakini yule binti alikaa kwenye benchi langu mpaka jioni hajui kama kazi yake ipo, na sababu ni mimi.

Dawa ilikuwa ndani ya draiva ileile. Andika watchdog 60 kwenye /proc/acpi/ibm/fan kabla ya kugusa level yoyote. Zikipita sekunde 60 bila amri nyingine ya feni, draiva inaiwasha feni yenyewe. Unaweza kuweka hadi 120. Ukiweka 0 umeuzima ulinzi huo, na ndivyo unavyokuja usipouwasha mwenyewe.

Kabla sijamkabidhi mteja mashine sasa, naandika level auto, nafungua video ya dakika kumi, kisha nasoma faili la feni mbele yake. Kasi ikipanda joto linapopanda, ndipo nafunga kifuniko.