Antena ya risiva ikae juu ya usawa wa maji

Ndugu, kwenye boti ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, antena ya risiva (kifaa kinachopokea amri za rimoti) usiiache imelala ndani ya boti karibu na betri. Ipandishe isimame wima katika mrija mwembamba wa plastiki uliopenya sitaha, kisha ziba tundu kwa silikoni. Mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, ambayo rimoti nyingi za sasa hutumia, hufifia upesi sana yakiingia majini. Kinachopokea hasa ni ile ncha iliyo wazi yenye takriban milimita 31, yaani robo ya urefu wa wimbi, kwa hiyo usiikate wala kuikunja, na iwe mbali na mota, nyaya zake, na chuma au nyuzi za kaboni. Zikiwa antena mbili, zipishane kwa digrii 90. Rimoti za zamani za megahezi 27 ni suala jingine, kwani waya wake mrefu hunyooshwa wote.

Hapa Mwanza mimi hujaribu umbali ambao rimoti inafika asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza, kwa sababu maji yakichafuka boti ndogo hufichwa kati ya mawimbi na mawasiliano yanaweza kukatika.