Maswali ya Wasomaji: Uskoti kwa Siku Moja

SWALI: Julai nitakuwa Edinburgh, na nina siku moja tu ya kuzurura. Yako mabasi ya watalii yanayokwenda bonde la Glencoe na ziwa la Loch Ness na kurudi siku hiyohiyo. Je, siku moja inatosha? Na nikae upande gani?

JIBU: Inatosha kwa macho, si kwa miguu. Mtaondoka kama saa 2 asubuhi na kurudi saa 2 usiku, na zaidi ya nusu ya muda huo utakuwa kitini. Kwa Julai hakuna neno, jua huchwea karibu saa 4 usiku. Desemba huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo nusu ya safari ungeiona gizani.

Basi likipitia mji wa Callander, kaa kushoto, upande wa mlango. Ziwa la Loch Lubnaig liko huko, na mkiingia Glencoe, vilima vitatu viitwavyo Three Sisters huinuka upande huohuo. Likipitia Loch Lomond, ziwa liko kulia mpaka Ardlui. Hapo omba kubadilishana kiti na jirani. Kutoka Tarbet kwenda Ardlui barabara ni nyembamba na ina kona nyingi, basi mwenye kuchafukwa na roho ameze dawa kabla ya kupanda. Akingoja kichefuchefu kianze, amechelewa.

Kwa maoni yetu, uzuri wa siku nzima uko Glencoe. Loch Ness ina urefu wa kilomita 37 na kina cha mita 230 hivi, lakini maji yake ni meusi kwa sababu ya chembe za mimea iliyooza zinazoletwa na mito. Hata lile dubwana linalosimuliwa kuwa linaishi humo lingepita chini ya boti usingeliona.

Watu wengi hukosea kwenye boti. Zile za Fort Augustus, kijiji kilicho kwenye ncha ya Loch Ness, huzunguka kwa saa moja hivi na kwa kawaida hazifiki ngome ya Urquhart iliyo kando ya ziwa hilo. Kama shida yako ni ngome, uliza kabla ya kulipa, na uulize pia kama tiketi ya boti imo katika nauli. Mara nyingi haimo. Asiyepanda boti atazame malango ya mfereji wa Caledonian palepale kijijini: vyumba 5 vya maji vilivyopangwa kama ngazi, vikipandisha na kushusha vyombo. Hakuna kiingilio.

SWALI: Nasikia huko kuna usubi wakali. Nifanyeje?

JIBU: Wapo tangu Mei hadi Septemba, hasa alfajiri na jioni, siku ya mawingu isiyo na upepo. Hawawezi kuruka kwenye upepo, kwa hiyo mkishuka simama mahali pa wazi, si chini ya miti wala kando ya majani yenye unyevu. Hufuata pumzi na nguo nyeusi. Vaa mikono mirefu ya rangi nyepesi, jipake dawa ya kufukuza wadudu mpaka nyuma ya masikio, na mlango wa basi usiachwe wazi.