Kwa nyie mnaoanza kupiga gitaa kwenye bendi ya watu watatu

Wadogo zangu, nimekaa kimya muda mrefu ila wiki hii nimeshindwa. Kila kundi jipya linalokuja kufanya mazoezi pale kwetu linataka kupiga nyimbo za Rush, ile bendi ya roki ya watu watatu kutoka Kanada, sawa, wazo zuri, na kila mara mpiga gitaa anaingia akiwa amezimeza solo zote, distosheni (ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa) imejaa, ampu imefunguliwa mpaka mwisho, halafu ubeti ukianza hajui mikono aipeleke wapi. Anasubiri zamu yake. Bendi ya watu watatu haina zamu. Ukinyamaza panabaki shimo, ukijaza kupita kiasi hakuna anayesikika. Na nyie ambao mnaweza kutaja kila ngoma na kila toazi alilokuwa nalo mpiga dramu wao Neil Peart jukwaani, mkiulizwa mpiga gitaa wao Alex Lifeson anapiga nini chini ya ubeti mnaanza kuangaliana.

Basi haya, nayapanga kadiri yanavyoniuma.

1. Jua kwanza ndani ya Rush nani anafanya kazi gani. Geddy Lee anaimba, anapiga besi, anahamia kwenye kinanda, na miguu nayo inakanyaga pedali za besi. Peart, aliyeingia 1974 na kufariki 2020, alikuwa anapiga dramu ambazo hazitulii na ndiye aliyekuwa anaandika karibu mashairi yote. Besi inatembea, dramu zinatembea. Sasa nani anabaki nyumbani? Ni Lifeson, mtoto wa wahamiaji wa Kiserbia, kazaliwa 1953 kule Fernie, British Columbia, na ndiye aliyekuwepo tangu bendi inaanza Toronto 1968. Sifa nyingi zimeenda kwa wale wawili na sishangai, wanastahili, lakini hebu sikilizeni nyimbo zile mkiwa mmelitoa gitaa kichwani. Mtabaki na besi na dramu zinazokimbizana na hamna mahali pa kusimama.

2. Sisi tuliotokea kwenye dansi tuna tatizo la ziada. Kule kuna gitaa la solo, kuna la ridhimu, mara nyingi kuna la pili linalosuka katikati, na besi chini. Mpiga solo analelewa. Akipanda huko juu anajua ridhimu ipo, akishuka ataikuta. Ukija na tabia hiyo kwenye watu watatu unapanda juu, unageuka, hamna mtu chini, kwa sababu aliyetakiwa kuwa chini ni wewe.

Hili nalijua kwa maumivu na sipendi kulisimulia, ila nalisimulia kwa sababu nimewaona wawili kati yenu mkilifanya mwezi huu. Tulikuwa na shoo, wimbo wetu wenyewe, ubeti wa mapigo saba, na mpiga besi wetu ndo mwimbaji. Mtu anayeimba huku vidole vinapiga kitu kingine kwenye mapigo saba amebeba mzigo mzito sana, anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwako, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayolia pigo la kwanza, kila mzunguko, ili ajue yuko wapi. Mazoezini nilikuwa nampa. Siku ya shoo watu wamejaa, nina pedali mpya ya delei, ile inayorudisha sauti kama mwangwi, nikaona ubeti umepwaya mno nikaanza kuweka vinoti juu juu, vitamu kweli, na delei inavirudisha. Ila delei nilikuwa nimeipima kwa mapigo manne. Sisi tuko kwenye saba, mwangwi unarudi kwenye nne, kwa hiyo kila mzunguko unaangukia mahali pengine, na ile kodi yangu ya pigo la kwanza haipo tena. Mwimbaji akaingia pigo moja mapema. Mpiga dramu akajaribu kumfuata, mimi nikawa nafuata mwangwi wangu mwenyewe. Nikamwona anaacha kuimba, anageuka anaupa mgongo ukumbi mzima, anamwangalia mpiga dramu na midomo yake inahesabu moja, mbili, tatu, kwa nguvu, mpaka wakakutana. Ubeti wote wa pili ulipotea, na huo ubeti alikuwa amemwandikia mama yake, ambaye alikuwa amekaa pale mbele.

Kwenye gari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, mbona uliniacha?" Nikawa sina jibu. Kesho yake tukasikiliza rekodi ya simu na pale nilipodhani nimepatia ndipo palipokuwa pabaya zaidi, gitaa langu limekaa kwenye kimo kilekile cha sauti yake, wanagombania nafasi, besi haisikiki kabisa. Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Delei ilikaa kwenye begi muda mrefu sana.

Kwa hiyo mkiona nafoka mkianza kuchezea ubeti, mjue natokea wapi.

3. Jifunzeni ile kodi ya mwanzo ya Hemispheres, albamu ya Rush ya 1978. Bana F# meja freti ya pili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo la gitaa) kama kawaida, halafu inua kidole cha shahada kibaki kwenye uzi mnene tu, zile nyuzi mbili nyembamba za B na E uziache wazi. Piga mara moja, acha ilie. Unasikia? Chini kuna uzito wa meja, juu kuna nyuzi mbili zinazong'ata kidogo na hazitaki kufa. Weka koras nyepesi, mtu mmoja anasikika kama wawili. Lifeson amejenga nusu ya kazi yake kwenye ujanja huu, kodi za kubana zenye nyuzi wazi juu yake, kwa sababu uzi wazi unaendelea kulia wakati vidole vinahama, na hapo ndipo shimo linapozibwa bila kuongeza noti hata moja. Chukueni umbo hilohilo mlipandishe freti ya tano, ya saba, ya tisa, msikilize kipi kinakubali na kipi kinakataa. Mimi kijana akinijia na hii peke yake nampokea kuliko aliyekariri solo kumi.

4. Distosheni punguza nusu, kodi isikike noti zote.

5. Usiifuate besi kila inapokwenda. Kuna mahali pake. Wimbo wao wa YYZ unaanza na mdundo wa herufi hizo tatu kwa msimbo wa Morse, ule wa vinukta na vistari, na YYZ ndo kifupi cha uwanja wa ndege wa Toronto, na pale gitaa na besi zikikutana kwenye mstari mmoja unasisimka kwa sababu muda mwingi zilikuwa mbali. Mkishikana mwanzo mpaka mwisho hamna kitakachomsisimua mtu.

6. Solo. Ile ya wimbo wa Limelight wa 1981 noti zake ni chache, ndefu, anazining'iniza kwa kile kipini cha kutikisia nyuzi, zinapinda, zinakaribia kuanguka, anazidaka. Mwenyewe amesema ni kati ya solo zake anazozipenda zaidi. Mnaozipiga kwa haraka mnaniumiza roho. Noti ndefu inampa mpiga besi nafasi ya kushika wimbo, si mnajua hapo kabaki yeye peke yake na dramu.

7. Kinanda kikija usigombane. Kwenye albamu ya Signals ya 1982 vinanda vilichukua nafasi kubwa, gitaa likasogezwa nyuma, na Lifeson baadaye alisema wazi kwamba hakuufurahia mchanganyo ule wa sauti. Lakini hakuondoka, na hakujibu kwa kuongeza volyumu. Alitafuta mahali ambapo kinanda hakijakaa, vikodi vifupi vya nyuzi za juu, safi, vinaingia kati ya mapigo na kutoka. Mwaka 1984 kwenye albamu ya Grace Under Pressure gitaa limesharudi mbele na limerudi na lugha mpya. Yule binti wetu mwenye kinanda analalamika mnamfunika, namwunga mkono asilimia mia.

8. Tuni kabla ya kila wimbo. Nyuzi wazi zikiwa nje kidogo, namba tatu yote niliyowaambia inageuka kelele.

Jumamosi mkija, pedali ziacheni nyumbani. Solo hatupigi. Tutapiga ubeti ule wa mapigo saba, gitaa safi, kodi pigo la kwanza, mzunguko baada ya mzunguko, na mwimbaji akiweza kuingia akiwa amefumba macho ndo tutaenda kwenye kiitikio.