Stoo isiyo na dirisha na usingizi unaochelewa

Dada, unasema usingizi hauji hadi saa nane usiku, mchana huna raha, na kutwa uko stoo isiyo na dirisha. Naishuku hiyo stoo. Taa zake huenda hazifiki luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga). Nje, hata chini ya mwembe, ni maelfu. Macho yakikosa mwanga wa asubuhi, saa ya ubongo hubaki nyuma, na melatonini, homoni ya usiku, huchelewa kupanda.

Chai ya asubuhi inywe barazani, nusu saa, bila miwani ya jua (jua lenyewe usilikodolee). Kioo cha tinti cha daladala hakisaidii. Kuanzia saa mbili usiku zima tyubu nyeupe, washa balbu hafifu ya njano. Huzuni ikipita wiki mbili, muone daktari.