Ngisi wa Bosi na Ndege ya Ahadi

SWALI: Naagiza viatu kutoka Guangzhou. Juzi wakala kaniambia kijana wa stoo "kakaangiwa ngisi". Huku tunawakaanga kila siku. Kafanywa nini? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Kamwaga unga. Kwa Kikantoni, Kichina cha Guangzhou, ni *chau yau yu*, kukaanga ngisi, yaani kufukuzwa kazi. Mpasue ngisi awe bapa, mchanje upande wa ndani kwa mistari inayokatizana bila kutoboa, mkate vipande, umtie kwenye karai lenye mafuta ya moto: papo hapo vipande vinajikunja kama mkeka. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba zamani vibarua walilala kazini kwa matandiko yao wenyewe. Ukifukuzwa, unayakunja na kuondoka. Ila angalia nani kashika mwiko. Bosi akikukaangia, umefukuzwa. Wewe ukimkaangia bosi, umeacha kazi kwa hiari yako.

SWALI: Je, "kuachia ndege" ni tusi? (Msomaji, Raskazone)

JIBU: Hapana. *Fong fei gei*, kuachia eropleni, ni kuahidi kukutana na mtu halafu usitokee. Sisi tungesema umemwacha kwenye mataa. Wasemao Kimandarini, Kichina rasmi, huachia njiwa badala ya eropleni. Hatari iko kwenye kitenzi. Ukisema *da fei gei*, "kupiga ndege", umetamka tusi la chumbani, na gazeti hili linasomwa na watoto. Shika *fong*.

SWALI: Nimejifunza "kula limau", lakini kila nikitamka wananicheka. (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Maana unayo: *sik ning mung* ni kutongoza ukatoswa. Kasoro bila shaka ni ile *k*. Ulimi wetu haupendi neno kuishia na konsonanti, kwa hiyo tunasema "siki". Peleka ulimi mahali pa *k*, ziba, usitoe pumzi. Sauti ikatike hapo hapo. Fanya vivyo hivyo neno likiishia na *p* au *t*. Jambo la pili ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na Kikantoni kina sita: *sik* na *ning* ziwe chini, *mung* ipande juu na ibaki huko huko.

SWALI: Rafiki yangu husahau funguo kila siku. Nimwiteje? (Msomaji, Pangani)

JIBU: *Dai tau ha*, kamba mwenye kichwa kikubwa. Ni utani wa marafiki. Mteja au mzee usimwite hivyo.